Kijana Ndani ya Fremu ya Mzee Maeng

Hivi wewe, uliyekaa hapo umetulia, umewahi kumwona kijana mzima, mwenye afya na chunusi zake usoni, akisujudiwa mara mbili kama marehemu, na huku yeye mwenyewe yuko mlangoni anavua viatu? Hujaona. Basi sogea. Bibi Pil-rye wa kijiji cha Neutigol aliona, tena alikuwa na bakuli la supu mkononi, na supu haikumwagika.

Mambo yalianzia kwenye ukumbi wa wazee, wakati wa joto, mabibi wamezunguka blanketi la kijani wanabamiza karata. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Bang, akaingia na kofia yake ya ushirika wa wakulima, kifua mbele.

"Mabibi, wekeni karata chini kwanza. Wanakuja watoto wa shule kutoka Seoul. Watatupiga picha za maisha marefu. Bure, na fremu juu yake!"

Picha ya maisha marefu kila mzee anajua ni picha gani. Jina limepambwa tu ili lisitishe. Ndiyo ile unayoificha nyuma ya kabati, uso umegeukia ukuta, mpaka siku ambayo wengine wataitoa, waifunge utepe mweusi, waiweke katikati ya maua meupe, na wewe huna tena la kusema.

"Bure?" akasema Bibi Jeom-rang, ambaye alikuwa haamini hata mvua mpaka imlowanishe. "Watoto wa Seoul salamu yenyewe hawatoi bure."

"Wanasomea kuingia udaktari. Wana moyo wa kujitolea."

"Daktari na kamera wapi na wapi? Si wangekuja na sindano?"

Wakacheka. Pil-rye hakucheka, maana moyo ulikuwa umemruka. Marehemu mumewe alizikwa kwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa, macho yamemtoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu kwapani. Waombolezaji walikuwa wakichungulia mlangoni, wanaulizana kama wamekosea chumba. Tangu siku hiyo Pil-rye aliapa kuwa yeye hataondoka hivyo. Na picha aliyoitaka alikuwa anaijua, kila kitu chake, ila hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa picha ya kuchekesha kidogo, na Jeom-rang angemtania nayo mpaka kaburini.

Basi akajiandaa. Akatia nywele mawimbi kwa msusi wa mjini. Akanyoosha blauzi yake ya rangi ya tikiti, yenye vifungo kama vya lulu. Meno ya bandia aliyaloweka usiku kucha, na asubuhi akayasugua kwa mswaki mpaka yakang'aa kama ya msichana wa matangazo. Mwisho akajipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akajipaka tena.

Wageni wakafika na gari lenye kiyoyozi. Alitangulia mwanamke mmoja mwembamba, viatu vinameta, anaitwa Mshauri Tak. Kazi yake, na usicheke, ilikuwa kuwatengenezea watoto wa watu shughuli za nje ya masomo. Nyuma yake akaja Mama Gyu-won amebeba koti jeupe la daktari kwenye mfuko wa nailoni, halafu mwanawe Gyu-won, mrefu, mafua yamembana, anatembea kama mtu aliyeamshwa na kuambiwa simama. Nyuma kabisa watoto wengine watatu wa kushika taa. Wakatundika bango. Klabu ya Heshima ya Mwisho, Mwanzilishi na Mwenyekiti: Gyu-won. Lilikuwa refu mpaka likapinda kona ya ukuta, jina la kijana likabaki peke yake upande wa choo.

Pil-rye alikaa karibu na mlango, akasikia Mshauri Tak akimtuliza yule mama kwenye korido.

"Maksi kila mwombaji wa udaktari anazo, mama. Maksi si kitu. Kujitolea hospitali, kila mtu amejitolea hospitali, siku hizi wagonjwa wenyewe hawapati nafasi ya kupita. Kuwasomea vipofu vitabu, kumechakaa. Utafiti wa panya ulikuwa wa mwaka juzi. Lakini wazee walio karibu na kufa! Hawa bado hawajaguswa."

"Na wapo wa kutosha?" akauliza Mama Gyu-won.

"Kijiji kizima."

Pil-rye akajitazama mikono. Hakujua kama ajione ametukanwa au ajivunie. Akaamua kungoja picha yake kwanza, matusi baadaye.

Kazi ikaanza. Kamera moja ilikuwa ya kuwapiga wazee, mbili za kumpiga Gyu-won akiwapiga wazee. Koti jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, mraba mraba mgongoni kama madirisha. Kabla ya picha, kijana alitakiwa ampime kila mzee presha ili udaktari uonekane. Alipompima Mzee Maeng, aliyekuwa ametoka kuchuma pilipili shambani, Mshauri akapiga kelele, "Usimwangalie mzee, angalia kipimo! Sasa sikitika! Kidogo! Usisikitike kama umefeli, sikitika kama unajali!"

"Presha yangu ngapi?" akauliza Mzee Maeng.

Kipimo hakikuwa na betri.

Zamu ya Pil-rye ikafika. Akakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, akatabasamu. Mshauri Tak akamtazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, kama mtu anayechagua kabichi.

"Bibi, tunaomba utoe meno kidogo."

"Nitoe nini?"

"Meno. Ukiwa nayo unaonekana mzima mno."

"Mimi *ni* mzima!"

"Ndiyo, ndiyo, na Mungu akuzidishie. Ni kwa ajili ya picha tu." Kabla Pil-rye hajajibu, karatasi laini ilikuwa mdomoni mwake inafuta ile rangi, na meno yakawa kwenye kikombe cha karatasi kilichoshikwa na mtoto wa taa. "Sasa usicheke. Angalia mbali, kama mtu anayefikiri."

"Nifikiri nini?"

"Chochote. Maisha."

"Nafikiri Jeom-rang anachungulia karata zangu pale," akasema Pil-rye, na bila meno maneno yakatoka na upepo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshauri hakuangua kitu. Pil-rye akaona hapa ndipo pa kusema. "Mwanangu, sikiliza. Mimi kwenye hii picha nilikuwa nataka hivi..."

"Sawa bibi, tutafika huko."

Akamgeukia kijana, aliyekuwa ameinama kurekebisha kamera. "Mjukuu, mimi nilikuwa nataka..."

"Gyu-won, kola!" akaita mama yake.

Kijana akashika kola. Halafu Mshauri Tak akapiga makofi. "Haya, mwenyekiti wa klabu, ingia kwenye picha! Mwenzako atabonyeza. Karibu zaidi. Mkono begani. Shavu kwa shavu! Tunataka mshikamano!"

Shavu la kijana lilikuwa la moto, linanuka dawa ya mafua. "Samahani bibi," akanong'ona, "nitakuambukiza." Hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile ambalo hakufundishwa na mtu. Kamera ikalia, kwisha. Mzee anayefuata!

Siku chache kabla ya sikukuu ya mavuno, fremu zikaletwa. Nyeusi, nzito, kioo safi, jina la klabu limeandikwa chini kwa dhahabu. Bwana Bang akazigawa kama zawadi za harusi. Mabibi wakafungua. Kisha sauti ya Jeom-rang:

"Huyu nani amekuja kufa na mimi?"

Kwenye kila fremu, shavu kwa shavu na kila mzee, alikuwepo Gyu-won na koti lake, mkono begani, meno yake mwenyewe yote yanang'aa. Pil-rye akajitafuta kwenye picha yake. Akakiona kibibi kimoja kimebonyea mdomo kama mfuko uliokazwa kamba, kinatazama mbali, na kando yake kijana anameremeta kama ndiye mwenye maziko.

"Si tumkate tu?" akasema Bwana Bang, jasho linamtoka.

"Mkate," akasema Jeom-rang. "Sikio langu hili hapa limo ndani ya shavu lake. Unikate na sikio, nikifika ahera niitwe nisisikie."

Mtu mmoja tu alishukuru, Mzee Maeng. Mke alikwishatangulia, mwanawe yuko Busan na mambo yake. Akaitazama fremu, akasema, "Angalau ninaye mtu pembeni." Akaitundika sebuleni, uso umeelekea watu, bila woga wowote.

Asubuhi ya sikukuu yenyewe Mzee Maeng hakuamka.

Sasa ufikirie sikukuu ile. Nchi nzima iko barabarani au iko mezani kwa mababu. Mwanawe Maeng akafika kutoka Busan na shati limekunjwa, akaanza kuhangaika na jumba la maziko la mjini. Fundi wa picha kafunga duka. Kijana wa jumba la maziko anayejua kurekebisha picha kwenye kompyuta kaenda kwao kutambika. Nyumba ikapekuliwa juu chini. Ilipatikana picha moja tu nyingine, marehemu akiwa jeshini kati ya vijana waliofanana kama maharage, na hata mwanawe hakujua baba ni yupi. Basi fremu ikapanda madhabahuni. Wakaifunga utepe mweusi, na upande wa Gyu-won wakauziba kwa fungu la maua meupe.

Bwana Bang, kwa adabu tu, akampigia simu Mshauri Tak kumjulisha msiba. Naye akasema: "Mwenyekiti, mazishi lini? Tafadhali msimalize kabla hatujafika."

Ndivyo ilivyokuwa mchana wa siku ya pili, Pil-rye amekaa meza ya karibu na mlango na bakuli lake la supu ya nyama yenye pilipili, wakaingia watatu. Gyu-won kavaa suti nyeusi mpya. Mama yake kavaa kama mfiwa. Mshauri Tak ana kamera.

"Mwanafunzi anamsindikiza mgonjwa wake wa kwanza," Mshauri alikuwa akimnong'oneza mama. "Nani mwingine atakuwa na hii? Nani?"

"Mgonjwa gani?" Jeom-rang akamuuliza Pil-rye kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Aliugua nini Maeng? Aliugua kupigwa picha?"

Kijana akavua viatu, akawasha ubani, akapiga magoti, akasujudu mara ya kwanza. Mshauri Tak, jicho kwenye kamera, hakuridhika. "Haya maua yanaziba," akasema. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akalivuta lile fungu pembeni.

Gyu-won akainua kichwa. Akakutana na Gyu-won.

Alikuwa pale juu, koti jeupe, utepe mweusi umempita kwenye pembe ya kichwa, moshi wa ubani unampanda puani, anacheka. Kijana wa chini akaduwaa. Na unajua alifanya nini? Alimalizia sijda ya pili. Ndiyo! Watoto waliolelewa kumaliza kila wanachoanzishiwa, hata hicho wanakimaliza. Akaisujudia sura yake mwenyewe, paji mpaka sakafuni, na alipokuwa chini akapiga chafya.

"Marehemu ana mafua," akasema Jeom-rang.

Mtoto wa Maeng, maskini, kwa kuwa desturi ni desturi, akamrudishia kijana heshima, kisha akasema, "Asante kwa kuja. Na... asante kwa kukaa na baba."

Hapo Mama Gyu-won akapata sauti. "Uchuro! Uchuro huu! Mwanangu amefanywa mfu! Watu wangapi wamemsujudia tangu jana? Iondoeni!"

"Mama, baba yangu ni yule mwingine," akajibu mfiwa taratibu. "Nikiiondoa, nisujudie ukuta?"

Waombolezaji wakaingiwa na ile hali mbaya ya kutaka kucheka msibani. Wengine wakakimbilia supu. Mama akatolewa koridoni analia, na Pil-rye, ambaye meza ya karibu na mlango ilikuwa yake, akasikia yote.

"Tulia, mama," Mshauri Tak alikuwa akisema. "Hebu fikiri. 'Siku Niliyokutana na Kifo Changu.' Hakuna mwombaji nchi hii mwenye kitu kama hicho."

Kilio kikakatika. Kamasi zikavutwa.

"Kweli hakuna?" akauliza Mama Gyu-won.

Pil-rye akaweka kijiko chini. Alikuwa amefika umri wa kudhani hawezi tena kushangaa.

Wiki ile ile, mama na mwana wakarudi Neutigol, safari hii bila Mshauri. Kifo kimoja kwenye maombi ya chuo kilitosha, ila mwanawe asibaki kwenye fremu za kijiji kizima kinachongojea zamu yake ya kufa. Mama aliingia ukumbini na makasha ya peasi, kila moja limefungwa kitambaa cha waridi, akawa anabadilisha kasha kwa fremu.

"Mchukue," Jeom-rang akamwambia. "Amelala kwangu siku zote hizi, hajaosha hata kijiko."

Wengine wakarudisha zao. Pil-rye akaikumbatia yake kifuani, kioo kimegusa vifungo vya blauzi.

"Bibi, na yako," akasema Mama Gyu-won.

"Yangu? Mbona mimi nimeshamzoea."

"Bibi, tafadhali. Nitakuletea makasha mawili. Nitakuletea mizizi ya dawa, jinseng nyekundu."

"Jinseng inanipandisha presha. Muulize daktari wako, alinipima." Pil-rye akaipangusa fremu kwa mkono wa blauzi, polepole. "Nilifikiri nife wakati wa baridi. Ardhi ngumu, lakini watu hawana kazi shambani, watakuja wengi. Watatusujudia wote wawili."

Mama akawa mweupe kama karatasi. "Baridi hii? Bibi, usaili wake wa udaktari ni mwakani!"

"Basi nitajitahidi. Siahidi."

Mabibi walikuwa wanajifuta machozi kwa pembe za blanketi. Mama akatazama huku, akatazama kule, mtu mzima aliyezoea kila mlango kuwa na ufunguo wake. "Unataka nini lakini? Sema tu! Unataka nini?" Alisema hivyo huku tayari anafungua mkoba, na Pil-rye akaona kuwa lile si swali. Akaikumbatia fremu zaidi.

"Tuondoke, Gyu-won. Nitamtuma mwenyekiti aje achukue."

"Ngoja, mama."

Neno lilitoka dogo, na mama yake akageuka kana kwamba limetoka kwenye kabati. Kijana alikuwa amekaa chini, magoti yamekunjwa, kando ya blanketi la karata. Hakuwa na koti leo. Mabega yake bila lile koti yalikuwa membamba, ya mtoto tu.

"Bibi," akasema, "siku ile ulianza kuniambia kitu. Ulisema, 'Mjukuu, mimi nilikuwa nataka.' Halafu nikashika kola." Akapangusa pua. "Kamera iko garini. Ulikuwa unataka picha gani?"

Jeom-rang alikuwa anamtazama Pil-rye, nyusi juu. Mabibi wote walikuwa wanamtazama. Alikuwa amejiandaa kukataa, alikuwa na maneno ya kukataa ya wiki nzima, na sasa kijana ameuliza vizuri, maneno yote yamekosa kazi. Akasikia masikio yanamwaka moto. Miaka yote hii kalificha jambo hili tumboni, na ukiliweka hadharani lilivyo dogo!

Akailaza fremu sakafuni, kifudifudi, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mguu wa Mama Gyu-won.

"Nataka nishike karata," akasema, akilitazama blanketi. "Si kukaa kama sanamu. Nishike karata, mkono juu, ndiyo kwanza naibamiza ile ya mwisho. Nimemshinda huyu Jeom-rang, nimemnyang'anya kila kitu, na yeye anatukana. Meno yangu yamo mdomoni, yote. Rangi ya mdomo ipo. Mdomo wazi, nacheka mpaka koo linaonekana. Anayekuja kunisujudia asinihurumie. Anikute namcheka." Akapumua. "Na niwe peke yangu, mjukuu. Wewe kaa huko nyuma ya kamera."